Tupeane uzoefu: kura inapotelea wapi, kituoni au kabla hujafika? (Nyanda za Juu Kusini)

Mnyalu wa Ipogolo
Kamwene wadau. Uchaguzi ukikaribia maneno huwa mengi juu ya wagombea, ila yale mambo madogo yanayomrudisha mtu nyumbani bila kupiga kura hayasemwi. Wenye uzoefu wa vituo, uwakala na mikutano ya vijiji, kuanzia Kilolo hadi Kyela, mwageni hapa. Ushabiki wa vyama pelekeni uzi mwingine.

Dada wa Uyole
Naanza na linalowaponza wengi. Kadi ya mpiga kura haikuingizi kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa. Ule wa wenyeviti wa mtaa, kijiji na kitongoji uko chini ya TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia mikoa na serikali za mitaa, na una orodha yake. Unajiandikisha upya, hapo hapo unapoishi. Mwaka 2024 uandikishaji ulifungwa tarehe 20 Oktoba, kura zikapigwa 27 Novemba. Mtu anakuja na kadi yake safi, jina halipo, anaanza kumfokea karani. Karani hana kosa hata kidogo.

Igawilo Mwisho wa Lami
Hana kosa wapi, dada? Karani anaandika Mwaka-hivi badala ya Mwaki-vile, halafu Mbeya yetu hii nusu ya orodha inaanza na "Mwa". Mtu atajitafuta mpaka jioni.

Dada wa Uyole
Ndiyo maana orodha hubandikwa kabla, kaka. Nenda kasome wakati kurekebisha bado kunawezekana. Siku ya kura hakuna kuongeza jina wala herufi. Na daftari la wapiga kura la Tume ya Uchaguzi nalo huwekwa wazi likiwa la awali: ndipo unaposahihisha jina, ndipo unapoweka pingamizi dhidi ya marehemu ambaye bado yumo. Aliyehama Tunduma kwenda Makambako ahamishe taarifa zake kipindi cha uboreshaji. Asipohamisha, siku ya kura ana nauli ya kurudi Tunduma.

Chai Bora Mufindi
Alama za vidole! BVR, ile mashine ya kuandikisha wapiga kura kwa alama za vidole, ilianzia kwetu huku, Makambako, Februari 2015. Mchuma chai, mpasua mbao na mlima viazi vidole vyao vimelika, mashine haioni mistari. Dawa ni kunawa maji ya uvuguvugu, kujifuta hadi pakauke, kisha kubonyeza taratibu bila kuteleza. Wengine hupaka mafuta kidogo ngozi ilainike.

Fundi Simu Mafinga
Mafuta hapana jamani. Yanachafua kioo na foleni nzima ya nyuma inaumia. Kioo kifutwe kwa kitambaa kikavu kila baada ya watu kadhaa.

Chai Bora Mufindi
Basi mpake usiku, asubuhi mnawe 😂

Lakiri
Nimesubiri mtu aguse kuhesabu, naona mnazunguka. Sehemu mbaya kuliko zote ni kati ya saa 10 jioni na usiku wa manane. Kituo kinafungwa saa 10, aliyekwisha kuwa kwenye mstari anapiga kura. Kuanzia hapo watu wamechoka, wana njaa, na baridi ya Makete au Mufindi imeingia darasani kupitia madirisha yasiyo na vioo. Taa ni ya kuchaji, na wakala aliyekuja na shati jepesi anaanza kuomba mambo yaende haraka. Hapo ndipo makosa huzaliwa.

Asubuhi kabla ya kura ya kwanza, sanduku linaonyeshwa likiwa tupu, linafungwa kwa lakiri, na kila lakiri ina namba. Wakala aiandike kwenye daftari lake, si kiganjani. Jioni, kabla ya kufungua, alinganishe namba ile ile. Asiyeiandika asubuhi jioni hana cha kulinganisha, anabaki kupiga kelele tu.

Kabla ya kufungua sanduku, hesabu karatasi zilizobaki. Mfano: kituo kilipokea karatasi 400, zimebaki 112, na 3 ziliharibika zikarudishwa na wapiga kura wakapewa nyingine. Sandukuni lazima ziwe 285. Watu huchanganya hapa. Iliyoharibika ni ile iliyorudishwa kabla ya kutumbukizwa. Iliyokataliwa ni ile iliyotoka sandukuni lakini haihesabiki: tupu, ina alama kwa wagombea wawili, au mtu kaandika jina lake. Ukijumlisha iliyokataliwa pamoja na iliyoharibika, hesabu haitafunga na mtakesha. Ikipungua moja au mbili, angalieni sanduku la jirani kwanza. Mtu aliyebeba karatasi tatu, ya Rais, Mbunge na Diwani, kukosea tundu ni jambo la kawaida.

Alama ikiwa imeruka mstari kidogo lakini nia ya mpiga kura inaonekana, itetewe. Isitupwe kwa sababu tu mkono wa mzee ulitetemeka.

Halafu fomu za matokeo, 21A ya Rais, 21B ya Mbunge, 21C ya Diwani. Wakala anasaini na anabaki na nakala yake. Kukataa kusaini kwa hasira hakufuti matokeo! Andika sababu ya kukataa kwenye fomu ya malalamiko, bado ukiwa ndani ya kituo. Nakala nyingine hubandikwa nje ya kituo: ipigwe picha mapema, maana umande wa asubuhi Tukuyu unaondoka na wino.

Mkinga wa Bulongwa
Baridi isikie kwa mwenzako. Koti na chupa ya chai ni vifaa vya uchaguzi.

Boda Mwanjelwa
Mkuu @Lakiri umemaliza. Ila foleni: wahini saa 12 na nusu, vituo vinafunguliwa saa 1.

Mama Parachichi Rungwe
Mimi nasema nendeni saa 8 mchana, mstari umeisha. Asubuhi kila mtu kasikia "wahini".

Boda Mwanjelwa
Saa 8 ikinyesha je, mama? Na mjamzito, mwenye mtoto mchanga, mgonjwa, mlemavu na mzee hawapangi foleni, wapite mbele. Msione haya kulidai hilo.

Kijana wa Mlowo
Yote hayo ya nini wakati mgombea lazima adhaminiwe na chama? Mtu safi asiye na chama kijijini kwetu hata fomu hapewi.

Mludewa Halisi
Hapo umemgusa mtu wa kwetu Ludewa, Mchungaji Christopher Mtikila. Alikwenda Mahakama Kuu kudai mgombea binafsi, akashinda mwaka 1994. Mwaka huo huo Bunge likabadilisha Katiba kuziba mlango. Akarudi mahakamani, mwaka 2006 akashinda tena. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikatengua, ikisema suala hilo ni la Bunge. Watu wakajua kachoka. Akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha, na Juni 2013 ikaamua kwamba kumkataza mgombea binafsi kunavunja haki. Akafariki kwa ajali ya gari Oktoba 2015, wiki chache kabla ya uchaguzi. Sharti la chama bado limo kwenye Katiba.

Igawilo Mwisho wa Lami
Miaka yote hiyo kwa sentensi moja ya Katiba! Huyu mzee alikuwa na roho ya jiwe.

Kijana wa Mlowo
Kwa hiyo alishinda au alishindwa?

Mludewa Halisi
Alishinda mahakamani mara tatu, kijana. Fomu haikubadilika.

Mzee wa Tukuyu
Vijana mnasahau kwamba hata kupiga kura kwenyewe kulikuwa na ngazi. Jimbo letu la Nyanda za Juu Kusini lilipiga raundi ya kwanza, Septemba 1958. Ili uandikishwe ilibidi uwe na elimu ya darasa la nane, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au wadhifa unaotambuliwa. Na ulilazimika kuchagua watatu, Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Ukiacha mmoja kura yako haihesabiwi. Ndiyo kura tatu hiyo, iliyoigawa TANU kabla ya mkutano wa Tabora Januari 1958.

Mama Parachichi Rungwe
Shikamoo mzee. Sasa turudi vijijini, maana huko ndiko haki ya mwanamke inakoliwa. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka 18, na sheria inataka ufanyike walau kila miezi mitatu. Mwekezaji wa miti akija, karatasi ya mahudhurio isainiwe ikiwa na kichwa kinachosema "MAHUDHURIO", tarehe na ajenda, kwenye KILA ukurasa. Ukurasa mtupu wenye saini kesho unageuka kuwa ridhaa ya kutoa shamba. Hekta 250 kushuka chini ridhaa ni ya mkutano mkuu. Zaidi ya hapo inakwenda kwa Waziri.

Fundi Simu Mafinga
Ila mila za kwetu mama, ardhi ni ya ukoo, mwanamke anaolewa anaondoka.

Mama Parachichi Rungwe
Mila inayomnyima mwanamke ardhi ni batili, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya 1999 inasema hivyo waziwazi. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, na watatu wasipungue wanawake. Hati ya kimila iandikwe majina yote mawili. Ukoo wenu haujafuta hiyo sheria.

Fundi Simu Mafinga
Sawa, nimepigwa.

Mnyalu wa Ipogolo
Swali la mwisho kabla sijalala: mgombea akibaki mmoja peke yake, tunakwenda kituoni kufanya nini?

Lakiri
Mnakwenda. Sheria ya uchaguzi ya 2024 iliondoa kupita bila kupingwa, mgombea pekee anapigiwa kura ya ndiyo au hapana. Kwa hiyo wakala bado anahitajika, na kalamu, na lile koti.

Dada wa Uyole
Na aliyepoteza kadi asibaki nyumbani. Jina likiwepo daftarini, chaguzi zilizopita Tume iliruhusu kitambulisho cha NIDA, pasipoti au leseni ya udereva, mradi majina yafanane. Herufi moja ikitofautiana, Mwaka na Mwaki zinarudi palepale.