Mjadala: Nyonga yenye kikombe kisicho na kina, kamera iingie kabla ya kupimwa ulegevu?

Mtoa mada (Kisauni)
Jamani, nisaidieni. Binamu yangu, bado msichana, nyonga yamuuma akipanda ngazi na akikaa sana kwenye matatu ya Bamburi. MRI imeonyesha labramu, ule ukingo laini wa kikombe cha nyonga, umechanika. Eksirei ikasema kikombe chenyewe hakina kina, pembe ya Wiberg, ipimayo kikombe kinavyokifunika kichwa cha fupa la paja, ni digrii 21. Hospitali moja inataka kumtia kamera nyongani wiki ijayo, waishone labramu kupitia matundu madogo. Hakuna hata mmoja aliyemlaza akamzungusha mguu! Mimi nasema apimwe ulegevu kwanza. Mwasemaje?

Mkaazi wa Likoni
Dada, mwatafuta sababu za kuogopa. Labramu imechanika, ishonwe. Matundu mawili matatu, mtu arudi kwake na magongo. Ule upasuaji mwengine, wa kukata mfupa na kukigeuza kikombe kifunike vizuri, una miezi ya kupona, na bei yake usiulize.

Fizio Mstaafu
Bei ni kweli, ndugu yangu, sikubishii. Lakini uliza kilichoichana labramu. Kikombe kikikosa kina, kichwa cha fupa la paja huchezacheza, na labramu pamoja na mfuko wa kiungo ndivyo hubeba mzigo wa kukizuia. Sasa kamera ili ipite, mfuko huo hukatwa, na ndani yake mna kano ya iliofemorali, yenye nguvu kuliko kano zote mwilini. Mfuko ukiachwa bila kushonwa, au mfupa wa ukingoni ukichongwa, nyonga iliyokuwa imelegea kidogo yaweza kuteguka, na gegedu ikalika upesi.

Hiyo 21 ndiyo yenye ugomvi. Chini ya 20 wengi hukubaliana ni displasia, yaani kikombe hakikukua kikatosha; 20 hadi 25 ni mpakani, na hapo eksirei haitoshi. Mpime kwa mikono. Alale ukingoni mwa kitanda, mguu ushushwe nyuma na kuzungushwa nje: je, ahisi nyonga yataka kuchomoka? Kisha alama za Beighton, za kupima ulegevu wa viungo vya mwili, ambazo ni 9. Kidole gumba chakunjika hadi kugusa kigasha? Viganja vyagusa sakafu magoti yakiwa yamenyooka? Hakuna kipimo kimoja kinachomaliza kazi, ila vikielekea upande mmoja, sikiliza. Vikionyesha imara, basi kamera si haramu, mradi mfuko ushonwe.

Mkaazi wa Likoni
Haya mwalimu. Ikionekana imelegea na pesa hana, akae na maumivu?

Fizio Mstaafu
Aanze mazoezi ya misuli ya makalio na tumbo, miezi kadhaa, kwa bidii. Yakishindwa, heri familia ichangishe kwa ule wa mfupa kuliko alipe wa kamera leo na wa mfupa kesho.

Mtoa mada (Kisauni)
Tumeahirisha. Daktari kanuna, na anune. Jumatatu tunaenda kwa mwengine, na eksirei yetu mkononi.