Dogo ana D ya Fizikia, C ya Kemia, B ya Baiolojia: tuombeje MD?

Kaka wa Songea
Habari za saa hizi wakuu. Mdogo wangu kamaliza kidato cha sita, PCB. Matokeo: Fizikia D, Kemia C, Baiolojia B, Divisheni I ya pointi 9. Kwa sasa yuko JKT na simu anaishika kwa nadra, hivyo maombi ya chuo nayafanya mimi. Anachotaka ni udaktari wa binadamu, yaani MD. Kuna wanaosema pointi 9 ni chache kwa MD, wengine wanasema Divisheni I inaingia popote. Je, anahitimu? Kuna usaili wa kujiandaa? Na vyuo niombe vingapi? Naomba mnielekeze hatua kwa hatua.

Kalamu Nyekundu
Kwanza tuweke sawa hizo pointi, maana zinachanganya watu kila mwaka. NECTA (Baraza la Mitihani) wanahesabu A kuwa 1, B 2, C 3, D 4, kwa hiyo kwao kidogo ndiyo bora. TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) na vyuo wanageuza: A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1, na hapo kubwa ndiyo bora. Dogo ana 2+3+4, yaani 9 pia. Imetokea tu zikalingana. Mwenye A tatu ana 3 kwa NECTA na 15 kwa TCU. Ukisikia mtu anasema "nina pointi 9", muulize za nani.

Kigezo cha chini cha MD ni prinsipo tatu (ufaulu wa A mpaka E) za Fizikia, Kemia na Baiolojia, jumla isipungue 6, na hakuna somo lililo chini ya D. Mdogo wako anahitimu. Lakini angalia hiyo D ya Fizikia, imekaa sakafuni kabisa. Mwenye A ya Kemia, A ya Baiolojia na E ya Fizikia ana pointi 11, anamzidi mdogo wako kwa mbili, ila mfumo unamtupa nje kwa sababu ya E hiyo moja.

Kuhitimu ni jambo moja, kupata nafasi ni jingine. Kwa mhitimu wa kidato cha sita hakuna kuitwa kuhojiwa. Chuo kina idadi ya nafasi zilizoidhinishwa, zimeandikwa kwenye kitabu cha mwongozo cha TCU pembeni ya kila kozi, na mfumo unawapanga waombaji kuanzia wenye alama za juu kushuka mpaka nafasi ziishe. Kwa hiyo maandalizi yake yote ni kuchagua vyuo kwa akili na kuingiza taarifa bila kosa.

Kwa 9 usiweke matumaini yote Muhimbili. Omba, ndiyo, lakini ongeza vyuo vingine visivyopungua vitatu au vinne: Bugando kule Mwanza, KCMC Moshi, UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), kampasi ya afya ya UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) iliyoko Mbeya, Mtakatifu Fransisko Ifakara, Kairuki. Tangu 2017 maombi yanapelekwa moja kwa moja kwa kila chuo, hivyo kila kimoja kina akaunti yake na ada yake ya maombi. Kabla ya kuweka chuo binafsi kaeni kama familia mpige hesabu ya ada kwa miaka mitano yote. Mwanafunzi akikwama ada mwaka wa tatu inauma kuliko kukosa nafasi mwanzoni.

Binti Mvita
Naongezea kwenye taarifa, kaka, maana hapo ndipo watu wanapoteza nafasi wakiwa na alama nzuri.

Usimwachie kijana wa steshenari aweke namba yake ya simu na barua pepe yake "ili iende haraka". Dogo akichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, namba ya uthibitisho inatumwa kwa ujumbe kwenye simu iliyosajiliwa kwenye maombi. Kama ni ya yule kijana, na siku hiyo kafunga duka, mtahangaika. Weka laini iliyo mkononi mwako wewe, kwa vile dogo yuko kambini, na uandike nywila za akaunti zote kwenye daftari moja.

Namba ikifika, ingia kwenye akaunti ya chuo KIMOJA mnachokitaka, fungua sehemu ya kuthibitisha, iingize. Ukishathibitisha hapo, nafasi za vyuo vingine unaziachia, kwa hiyo kubalianeni na dogo mapema chuo kipi kinatangulia. Usisubiri mpaka umpate kwa simu siku ya mwisho. Aliyechaguliwa chuo kimoja tu hahitaji kuthibitisha.

Kingine ni namba ya mtihani wa kidato cha nne. Mfumo unavuta matokeo NECTA kwa namba hiyo, ukikosea tarakimu moja au mwaka, yanakuja ya mtu mwingine au hayaji kabisa. Linganisha na cheti, siyo na kumbukumbu. Na jina kwenye cheti cha kuzaliwa lifanane na la vyeti vya shule.

Tabibu wa Zamu
Kwa wanaosoma uzi huu wakiwa na stashahada ya utabibu: mwongozo wenu ni kitabu kingine, TCU wanatoa viwili. MD kwenu inataka GPA (wastani wa alama za stashahada) isiyopungua 3.0, pamoja na D au zaidi kidato cha nne kwenye Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza. Hisabati ndiyo inayowakwamisha wengi. Mtu ana GPA ya 4 lakini ana F ya Hisabati, na hiyo GPA haimsaidii. Rudia mtihani huo mapema kama mtahiniwa wa kujitegemea. Pia ombeni AVN kutoka NACTVET (baraza la elimu ya ufundi) kabla dirisha la maombi halijafunguliwa. Ndiyo namba inayothibitisha stashahada yako, na chuo hakiwezi kushughulikia maombi yako bila hiyo. Matokeo yako yakiwa hayajapelekwa NACTVET na chuo ulichosoma, namba haitoki, kwa hiyo anza kwa kuwauliza wao.

Kaka wa Songea
Nashukuru sana wote. Suala la mkopo nalo? Na kwenye kila chuo niweke MD peke yake?

Kalamu Nyekundu
Mkopo unaombwa kivyake Bodi ya Mikopo, usisubiri majibu ya chuo ndipo uanze. Peleka cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, leo leo, hilo ndilo linalochukua muda. Namba ya kidato cha nne iwe ileile uliyotumia chuoni. Fomu ikishachapishwa inasainiwa na serikali ya mtaa au kijiji na mwanasheria, kisha kurasa zilizosainiwa unazipandisha tena. Zikague moja moja kabla ya kutuma, muhuri usomeke, maana ukurasa mmoja usio na saini unakurudisha nyuma.

Kuhusu kozi: MD iwe ya kwanza kila chuo, lakini usiache nafasi za chini wazi. Mfumo ukishindwa kumweka kwenye ya kwanza unashuka kwenye inayofuata. Weka tu kozi ambayo dogo yuko tayari kuisoma kweli: famasi, uuguzi, maabara. Asiyetaka uuguzi asiuandike. Akikosa kabisa awamu ya kwanza, subiri awamu ya pili, angalia vyuo vilivyotangaza kuwa bado vina nafasi za MD, uombe upya siku dirisha linapofunguliwa.

Binti Mvita
Na jumapili hii, ukimpata kwa simu, muulize jambo moja tu: kati ya vyuo ulivyoomba, avipange namba moja mpaka ya mwisho. Iandike kwenye lile daftari la nywila.