Mrejesho: Ushirika wetu wa kusomesha watoto nyumbani

Wadau, Januari niliuliza hapa tufanyeje: familia saba hapa Ngong, watoto wanajichagulia cha kujifunza, lakini mzigo wote umewaangukia akina mama wawili. Asanteni sana kwa majibu.

Tuliufuata ushauri wa kujiendesha kama chama: zamu za wiki, mweka hazina, na faini ya shilingi 200 kwa anayekosa bila taarifa. Zamu zimeshika. Faini ilileta ugomvi, familia moja ikajitoa (kusema kweli walikuwa na haki kiasi), tukaifuta. Sasa ukikosa zamu unailipa kwa zamu.

Kikao cha watoto cha Jumatatu ndicho kilichonishangaza. Walichagua kufuga kuku, na hesabu za chakula wanapiga wenyewe. Hisabati ya kitabuni bado wanaikimbia, hapo sijapata dawa.