Naomba ushauri: bampa na wilikapu za Peugeot 504 ya mzee zinaliwa na kutu

Wakuu, habari za jioni. Nina Peugeot 504 niliyoachiwa na marehemu baba. Injini haina neno, inawaka asubuhi kwa mara moja. Kinachoniuma ni kromu. Tangu niihamishie Kigamboni, kila siku inavuka na pantoni, upepo wa chumvi unaipiga, na sasa bampa ya mbele imetoka vipele vya kahawia kama mtoto mwenye harara.

Jumamosi nilijaribu karatasi ya alumini ya kufungia chakula. Niliikunja, nikailowesha maji, nikasugua taratibu. Alumini ni laini kuliko kromu, kwa hiyo haikwaruzi. Kweli kutu ya juujuu ilitoka, uji mweusi ukawa unachuruzika, na pembeni naona hadi ndevu zangu. Ila katikati kuna sehemu ukipitisha kucha inakwama. Hapo nahisi kromu imeshabanduka na kutu imefika kwenye chuma.

Wilikapu ndiyo balaa zaidi. Kijana wa kuosha magari alizipaka dawa ya kusafishia vigae, mimi niko kwenye simu! Zimefifia, zina ukungu mweupe.

Maswali yangu: ukungu huo unatoka kwa polishi, au ndiyo basi? Bampa nitumie stilwaya ile laini kabisa, au nitaichubua zaidi? Na kwa hapa Dar, kuna fundi anayepaka kromu upya kwa umeme? Rangi ya fedha ya kopo sitaki, mzee atanitokea usiku.