Rubani anatakiwa kuijua mifumo ya ndege kwa kina kipi?

Mnyalukolo

Habari za humu wakuu. Swali hili ni kwa marubani na mafundi, hasa mnaozijua njia zetu za Nyanda za Juu Kusini. Mtu akitoka kwenye Caravan (ndege ndogo ya injini moja) kwenda Dash 8-400 (ndege kubwa ya propela, injini mbili) anakabidhiwa mavitabu: umeme, haidroliki, mafuta, presha ya kabini, barafu, propela. Kuna wanaosema soma yote mpaka ujue kila valvu inafungwa na nini. Wengine wanasema ndege za siku hizi zinajieleza zenyewe, wewe fuata QRH (kitabu cha haraka cha hatua za hitilafu na dharura), mengine mwachie fundi. Mtihani wa mdomo najua utapita. Nachouliza ni cha kazini: upo ndani ya wingu juu ya milima ya Uporoto, unashuka kwenda Songwe, uwanja wa ndege wa Mbeya, taa ya tahadhari imewaka. Ni elimu ipi itakusaidia hapo, na ipi ni mzigo tu? Naomba mifano ya mifumo yenyewe.

PropelaSita

Karibu kwenye Dash, mkuu. Kwa kila mfumo uweze kusema bila kufungua kitabu: unapata nguvu wapi, unaendesha nini, ukifa unaondoka na nini, na umebaki na nini cha kukutua salama. Valvu imetengenezwa kwa madini gani, hilo achana nalo.

Chukua haidroliki. Presha ni psi 3,000, na mfumo namba 2 ndio unaobeba magurudumu pamoja na usukani wa gurudumu la mbele. Ukiupoteza, QRH itakuongoza hatua kwa hatua: unafungua kifuniko cha darini na kuvuta mpini wa magurudumu makuu, kisha kifuniko cha sakafuni na kuvuta mpini wa gurudumu la mbele. Hayo yameandikwa. Kazi yako ni kuyaona mapema yatakayofuata. Magurudumu ukishayashusha kwa njia hiyo hayarudi juu, kwa hiyo ukiamua kwenda Dodoma au kurudi Dar utakwenda nayo yakiwa yananing'inia na kula mafuta. Ukitua, usukani wa mbele haupo; unanyoosha ndege kwa pedali na breki, unasimama kwenye barabara ya kurukia na kusubiri kuvutwa. Asiyejua haya anashusha magurudumu kwanza, halafu ndiyo anaanza kuhesabu mafuta.

Sasa mfano ambao mtu wa njia ya Mbeya anatakiwa aushike kuliko yote. Kwenye paneli ya barafu ya Dash 8-400 kuna swichi ya kuongeza kasi rejea, ina nafasi ya OFF na INCR. Wengi wanaijua kama swichi ya kuwasha ukiingia kwenye barafu, wanaishia hapo. Haiongezi joto popote wala haigusi injini. Inauambia mfumo wa tahadhari ya stoli (bawa kupoteza uwezo wa kuibeba ndege) kwamba bawa lina barafu, hivyo uanze kutikisa usukani mapema, kwenye kasi kubwa kuliko kawaida. Maana yake ukiiwasha lazima na kasi zako za kutua uzipandishe. Hayo mawili yanakwenda pamoja.

Tarehe 12 Februari 2009, Dash 8-400 ya safari ya Colgan 3407 ilikuwa inakaribia Buffalo, Marekani. Swichi iko INCR, lakini kasi ya kutua iliyopangwa ilikuwa noti 118 (maili za baharini kwa saa), ya bawa lisilo na barafu. Usukani ukatikisika kwenye noti 131, otopailoti ikajiachia. Ndege wakati huo ilikuwa bado haijafika kwenye stoli. Barafu iliyokuwepo haikuwa ya kuiangusha. Nahodha akavuta usukani badala ya kuusukuma, na hapo ndipo stoli yenyewe ikaja. Walikufa 49 waliokuwa ndani na mmoja aliyekuwa nyumbani kwake chini.

Sisi huku masika yetu ni Novemba mpaka Aprili, na kiwango cha kuganda kwenye anga la tropiki kipo karibu futi 16,000. Kwa hiyo kila safari ya Dar kwenda Songwe unapanda na kushuka kupitia hapo. Unafika chini, joto nyuzi 20, barafu imeyeyuka, swichi imesahaulika juu. Au kinyume chake, ambacho ni kibaya zaidi: umeizima kwa mazoea na bawa bado lina barafu. Zima pale tu macho yako yamethibitisha bawa ni safi.

FundiWaSongwe

Nakubaliana na PropelaSita, naongezea upande wa breka za umeme (swichi zinazojikata umeme ukizidi), kwa sababu hapo ujuzi wa nusu ni hatari kweli. Breka ikiruka imefanya kazi yake: waya umebeba umeme kuliko uwezo wake, joto limeikata. Ukiirudisha unaulazimisha umeme upite tena kwenye kosa lilelile, na sehemu nyingine waya huo umepita nyuma ya paneli usiyoweza kuifikia na mtungi wa kuzimia moto. Angani usirudishe, isipokuwa QRH imesema au nahodha ameona usalama wa ndege unaihitaji. Hata hapo ni mara moja tu, baada ya kuiacha ipoe. Ya pampu ya mafuta usiiguse kabisa.

Kuchomoa breka nzima ndiko kubaya zaidi. Airbus A320 ya AirAsia safari 8501, tarehe 28 Desemba 2014, ilikuwa na solda iliyopasuka kwenye kifaa cha kudhibiti usukani wa mkia. Ujumbe ulirudi mara nne ndani ya safari hiyo. Baada ya ule wa nne, breka za kompyuta zinazosimamia mfumo huo zikakatwa. Chini kwenye maegesho kitendo hicho kinasafisha ujumbe, hakuna madhara. Angani kiliondoa otopailoti na ulinzi wa ndege kwa pamoja, ikalala ubavu hadi nyuzi 54. Walikufa watu 162. Rubani akimwona fundi anafanya kitu chini, asikihamishie juu. Sisi tunafanya ndege ikiwa imesimama, tukiwa na kitabu chetu mkononi.

Halafu wakuu, kitabu cha hitilafu. Ukituandikia "injini namba 2 inatetemeka" hujatusaidia. Andika ilikuwa unapanda au unashuka, futi ngapi, kasi ngapi, torki ngapi, barafu ipo au haipo, ulibadilisha nini na mtetemo ukafanyaje. Ukiandika "ulianza ndani ya barafu, ukapungua baada ya kuongeza mizunguko ya propela", nitaanzia kwenye vipasha joto vya mapanga ya propela, sitaanza kufungua injini. Hitilafu ya ile A320 ilikuwa imeandikwa zaidi ya mara 20 mwaka huo.

Mnyalukolo

Asanteni sana. Lakini mbona hoja zenu zinanirudisha kwenye kufuata QRH? Kama breka sigusi na magurudumu nashusha kwa kitabu, kujua kwa kina kunaingia wapi?

KipimaPresha

Kunaingia kwenye kuchagua ukurasa, ndugu yangu. QRH haijui ndege yako ina nini; wewe ndiye unayeifungua mahali fulani.

Airbus A330 ya Air Transat, safari 236, tarehe 24 Agosti 2001, ikivuka Atlantiki. Dalili ya kwanza kwenye injini ya kulia ilikuwa oili: joto limeshuka, presha imepanda. Wakadhani ni kipimo kinadanganya. Sasa kumbuka oili ya injini hupozwa na mafuta yanayopita kwenye kipoza kimoja nayo. Oili ikipoa bila sababu, uliza kama mafuta yanapita mengi kuliko injini inavyochoma. Bomba lilikuwa linavuja. Baadaye ukaja ujumbe wa matangi kutolingana, wakaufanyia kazi kwa kumbukumbu: wakafungua valvu ya kuunganisha, mafuta ya tangi lisilovuja yakaenda kulisha uvujaji. Tahadhari ya kuangalia uvujaji ilikuwa imeandikwa kwenye ukurasa ambao haukufunguliwa. Injini zote zikazimika, ndege ikateleza dakika 19 hivi mpaka Lajes, visiwa vya Azores. Wote 306 walipona.

Ona basi, walihitaji kitabu na walihitaji uelewa pia. Kwako wewe: ujumbe wa matangi kutolingana ukija, kabla ya valvu yoyote jumlisha mafuta yaliyobaki na yaliyotumika. Jumla ikipungua kuliko uliyoondoka nayo Dar, una uvujaji.

Na presha ya kabini, kwa kuwa unatoka Caravan isiyo nayo. Songwe iko takriban futi 4,400 juu ya usawa wa bahari, Nduli ya Iringa takriban 4,700. Kitufe cha LDG ALT (cha kuweka mwinuko wa uwanja unaotua) ukikiacha sifuri kama unatua Dar, kabini itakuwa na presha ya usawa wa bahari wakati nje ni ya futi 4,400. Tofauti ni kama psi 2.2, sawa na tani moja na nusu kwa kila mita mraba ya mlango. Ikigusa ardhi mfumo unaimwaga, na masikio ya abiria, hasa watoto wachanga, yanaumia kwa uzembe wa kitufe kimoja.

PropelaSita

Mnyalukolo, namna ya kusoma: karatasi tupu, chora umeme wote kwa kichwa. Jenereta mbili za DC (umeme mnyoofu), mbili za AC (umeme geu), betri, mabasi (njia za kugawia umeme), kila basi linalisha nini. Halafu piga mstari kwenye chanzo kimoja useme kwa sauti kilichokufa. Ukikwama, fungua kitabu hapo tu. Kumbuka jenereta za AC zinaendeshwa na giaboksi ya propela: injini ikizimwa na mapanga ya propela kugeuzwa ubavu yasizunguke na upepo, ya upande huo imekwenda, na umebaki na jenereta moja tu ya AC ya kulisha vipasha joto. Fanya hivyo na haidroliki, kisha mafuta. Namba za kukariri ni zile za mipaka na zile za hatua za dharura zisizosubiri kitabu. Nyingine zote zipo kwenye FCOM (kitabu cha uendeshaji cha rubani), na wakati wa kusafiri utakuwa nayo.