Haki za matangazo ya Ligi Kuu Zanzibar: kituo kimoja au mafungu?

Kutoka Michenzani

Waungwana, assalaam alaykum. Naileta hoja hii barazani kwa sababu haikubali kuzikwa: haki za matangazo ya Ligi Kuu ya Zanzibar ziuzwe kwa kituo kimoja peke yake, au zikatwe mafungu na mechi nyengine zibakie bure ZBC, televisheni ya umma ya Zanzibar?

Mimi nasimama na kituo kimoja. Anayenunua haki anataka awe peke yake. Mechi ikionekana bure pahala pengine, nani atalipia kifurushi? Bara, mwaka 2021, TFF, shirikisho la mpira la Tanzania, na kampuni ya televisheni ya Azam Media walitia saini mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6. Hiyo ni wastani wa bilioni 22.56 kwa mwaka. Ligi ya timu 16 ina mechi 240, kwa hiyo inakuja milioni 94 kwa kila mechi. Uingereza, Ligi Kuu yao ilipoanza mwaka 1992, BSkyB, televisheni ya kulipia ambayo leo ni Sky, na BBC walitoa pauni milioni 304 kwa miaka 5. Mubashara zikaenda BSkyB, BBC ikabaki na muhtasari. BSkyB ilikuwa ikila hasara, na mpira ndio uliouza visimbuzi vyake. Tukitaka fedha, tumpe mtu kitu chake peke yake.

Kutoka Wete

Ndugu yangu wa Michenzani, hiyo milioni 94 ina Simba na Yanga ndani yake. Zitoe timu mbili hizo, kisha tuambie nani atafika bei.

Na miaka 10 ni mingi. Waingereza wameuza kwa miaka mitatu mitatu kwa muda mrefu, sasa wamefika minne. Ligi ikikua katikati ya mkataba mrefu, faida yote ya kukua huko ni ya mnunuzi, na klabu zinabaki na bei ya siku ya saini huku nauli na posho zikipanda. La pili: kituo kimoja kikijichagulia mechi kitaweka kamera uwanja wa Amaan, Unguja, tu, kwa sababu ndiko kwepesi. Klabu ya Pemba itaingia msimu na kutoka haijaonekana nyumbani kwake hata mara moja, halafu mdhamini wa jezi anaambiwa aweke fedha kwa timu isiyoonekana.

Kutoka Mkunazini

Kabla ya kuzozana juu ya mnunuzi, tuulizane nani muuzaji. Kila klabu isaini hati ya kuikabidhi ZFF, shirikisho la mpira la Zanzibar, haki ya kuuza kwa niaba ya wote, kwa muda uliotajwa. Hati ikikosekana, klabu yenye washabiki wengi itampa mtu wa mtandao mechi zake za nyumbani, na mnunuzi mkuu atadai fidia. Marekani ilibidi itungwe sheria mwaka 1961 ndipo ligi zikaruhusiwa kuuza kwa pamoja. Hispania kila klabu ilijiuzia, Real Madrid na Barcelona zikichukua fungu nono, mpaka serikali ilipolazimisha uuzaji wa pamoja mwaka 2015.

Hati zikikamilika ndipo unatoka mwaliko wa zabuni. Unataja mafungu, idadi ya mechi za kila fungu, siku na saa zake, na nani anachagua mechi wa kwanza. Hili la kuchagua wengi hulipita mbio, na ndilo lenye thamani: mwenye mechi 20 akichagua wa kwanza amemshinda mwenye 40 anayeokota masalia. Bahasha zinafungwa, zinafunguliwa siku moja. Muuzaji anakuwa na bei yake ya chini ambayo haitangazi. Bahasha mbili zikikaribiana, wenyewe wanaitwa duru ya pili.

Sasa la mafungu. Uingereza, kwa shinikizo la Kamisheni ya Ulaya, tangu msimu wa 2007 hakuna mtu mmoja anayeruhusiwa kuchukua mafungu yote. Kwa mwaka 2025 hadi 2029 Sky ilichukua mafungu 4 na TNT, kituo chengine cha kulipia, 1, jumla pauni bilioni 6.7. Ukisikia hivyo utadhani bei imepaa. Mkataba wa kabla yake ulikuwa takriban bilioni 5 kwa miaka 3, mechi 200 kwa msimu, yaani kama milioni 8.3 kwa mechi. Huu mpya ni miaka 4, mechi hadi 270, kama milioni 6.2 kwa mechi. Fedha ya kila mwaka haikusogea, ila mechi zimeongezwa. Hata ligi tajiri kuliko zote imelazimika kujaza kapu ili bei isishuke, kwa hiyo sisi tusidanganyike kwamba upekee pekee unapandisha bei.

Linalonikosesha raha zaidi ni dhamana ya kwamba mnunuzi atalipa. GTV, televisheni ya kulipia, iliingia Afrika mwaka 2007, ikatwaa sehemu kubwa ya mechi za Ligi Kuu ya Uingereza, na Januari 2009 ikafunga. Wateja waliokwishanunua visimbuzi wakabaki na maboksi. Ufaransa, kampuni ya Mediapro ilishinda zabuni ya ligi kwa zaidi ya euro milioni 800 kwa mwaka, na Oktoba 2020, msimu wa kwanza tu, ikashindwa kulipa. Klabu zilikwishasajili wachezaji kwa fedha hiyo, ligi ikabidi ikope. Uingereza, ITV Digital, televisheni ya kulipia, iliahidi pauni milioni 315 kwa ligi za madaraja ya chini, ikaanguka mwaka 2002. Ligi ikaenda mahakamani kuwadai Carlton na Granada, wenye kampuni, ikashindwa, kwa kuwa dhamana yao haikuwahi kusainiwa. Katika zote mbili za mwisho aliyepewa haki ni mwenye tarakimu kubwa.

Kwa hiyo sharti langu kwa mnunuzi yeyote: dhamana ya benki inayolipwa kwa kudai, bila kesi; bei yenyewe ilipwe asilimia 40 kabla ya mechi ya kwanza, 30 kabla ya mzunguko wa pili, 30 kabla ya raundi tano za mwisho; akichelewa siku 14, haki zinarudi kwa ZFF bila ya barua nyengine. Anayekataa hilo, bahasha yake isifunguliwe.

Kutoka Chake Chake

Yote hayo sawa, lakini mkataba haujakamilika mpaka ijulikane nani analipia kutengeneza picha. Kwa ligi ya ukubwa wetu gharama hiyo inaweza kuimeza bei ya haki yenyewe.

Mechi ya kuangalika inataka kamera 6. Mbili zikae pamoja juu, usawa wa mstari wa kati, moja ya uwanja mzima na moja ya karibu, upande wa magharibi ili jua la alasiri liwe mgongoni. Ukiziweka mashariki, kipindi cha pili chote wachezaji wanaonekana vivuli. Mbili usawa wa mstari wa eneo la hatari kila upande, hizo ndizo zinazoonyesha kuotea. Moja nyuma ya lango, moja ya begani karibu na mabenchi. Ukipunguza hadi 3 unaweza kurusha, lakini bao la utata halitakuwa na marudio ya maana, na washabiki watamla nyama refa kwa kosa ambalo huenda hakulifanya.

Umeme: jenereta mbili, moja inafanya kazi, moja inasubiri, na betri kati yao. Bila betri umeme ukikatika sekunde mbili tu, mashine ya kuchanganya picha inazima na kuwashwa upya kunakula dakika. Mawimbi ya satelaiti ya bendi ya Ku, aina ya masafa ya kurushia picha, hudhoofika kwenye mvua kubwa ya masika, picha inaganda. Akiba yake ni kifaa kinachounganisha laini za simu 4 au zaidi, za mitandao tofauti, antena ikiwa juu ya paa, kwa sababu uwanja ukijaa minara inaelemewa.

Kuhusu Gombani, uwanja wetu wa Pemba: gari la matangazo linapanda meli Malindi, linashuka Mkoani, linakuja kwa barabara. Kusi likichafuka, meli inaahirishwa na mafundi wapatao 20 wanalala siku ya ziada kwa posho. Ndiyo maana vituo vinakimbia Pemba. Dawa yake iko kwenye ratiba: mechi za Pemba zikusanywe, nne ndani ya siku tatu, gari lije mara moja. Na kwenye mkataba iandikwe idadi: mechi zisizopungua kadha kutoka Gombani kila mzunguko. Neno "inapowezekana" lisiingie.

Kutoka Mkoani

Niongeze saa. Jumamosi mechi nyingi za Uingereza huanza saa 11 au saa 12 jioni kwetu, kutegemea majira yao. Ya kwetu ikianza saa 10:00 kamili inamalizika kama saa 11:55, kabla ya Magharibi, ila zao zikianza saa 11, kipindi cha pili chetu kinagongana nazo. Jumapili na katikati ya wiki kuna nafasi. Na msisahau mapato ya mlangoni: Waingereza wenyewe wanazuia mubashara Jumamosi kuanzia saa 8:45 mchana hadi 11:15 jioni za kwao ili viwanja vya klabu ndogo visiwe vitupu. Kurusha kila kitu bure kutaua tiketi.

Kutoka Michenzani

Sheikh wangu wa Mkunazini, dhamana nakubali bila ubishi. Mafungu bado sikubali. Mafungu yanapandisha bei pale wanunuzi wanapokuwa wawili au zaidi wenye uwezo. Akiwapo mmoja, atachukua fungu zuri kwa bei ya chini na mengine atayaacha yaoze. Mimi ningeiuza ligi fungu moja na Kombe la Mapinduzi, kwa sababu kombe ndilo kitoweo na ligi ndio wali; mwenye kutaka kitoweo abebe na wali.

Kutoka Wete

Hapo ndipo utakapotupoteza. Mwaka 2025 kombe lilichezwa Gombani kwa timu za taifa, na Zanzibar Heroes, timu ya taifa ya Zanzibar, wakamfunga Burkina Faso 2-1 fainali. Mechi kama ile ikifungiwa kwenye kifurushi, bibi wa Micheweni asiyelipia hataiona timu ya nchi yake. Uingereza wana orodha ya michezo isiyofungiwa, fainali ya Kombe la Dunia ikiwemo. Nusu fainali na fainali ya Mapinduzi, na mechi zote za Heroes, ziwe ZBC, na ziandikwe kwenye mwaliko wa zabuni tangu mwanzo ili mnunuzi apige bei akijua.

Kutoka Mkunazini

Naunga mkono la Wete, na kwa Michenzani nasema: mnunuzi akiwa mmoja, fungu la pili si lazima liwe televisheni. Wazanzibari waliopo Muscat, Dubai na London hawafikiwi na kisimbuzi cha hapa. Haki ya mtandao kwa nje ya Tanzania itengwe, iuzwe peke yake au ZFF iirushe wenyewe kwa malipo madogo kwa mechi. Na picha zikisharekodiwa, umiliki ubaki ZFF, nakala kamili ikabidhiwe ndani ya saa 48. Mnunuzi akiondoka na kumbukumbu zote, anayefuata atataka punguzo kwa sababu hana cha kuonyesha. Wenye kupinga kifungu hiki, naomba waseme kwa nini.