Naomba ushauri: nataka kuosha dhahabu mtoni wakati wa likizo, upande wa Chunya

MwalimuWaMbeya

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mwalimu wa jiografia hapa Mbeya mjini. Babu yangu mzaa mama alikwenda Chunya enzi za mkoloni akifuata dhahabu ya Lupa, ile iliyogunduliwa mwaka 1922. Alipofariki aliacha karai lake la chuma. Lipo stoo kwa mama hadi leo, na kitako chake kimesuguliwa na mchanga hadi kimekuwa chembamba kama sahani. Kila nikilishika natamani kujua mikono yake ilikuwa inafanya nini nalo.

Sitafuti utajiri. Ninachotaka ni kwenda likizo ya mwezi wa sita, nikae siku mbili tatu kwenye kijito huko Makongolosi, nioshe mchanga. Nikipata chembe mbili za kuweka kwenye kichupa nimpelekee mama, nitaridhika kabisa.

Naanzia wapi? Mtu na karai lake tu anaruhusiwa kuingia mtoni, au hata hilo lina kibali? Na nitajuaje mahali penye dhahabu? Natanguliza shukrani.

Nyundo255

Mkuu, usijiendee tu. Kule kila korongo lina mtu wake. Ukikutwa unachota mchanga wakati hawakujui, hakuna atakayesikiliza habari za babu.

Mzee_wa_Itumbi

Nyundo255 kasema kweli, lakini njia ipo.

Mwalimu, kwa sheria yetu hakuna uchimbaji wa kujifurahisha. Sheria ya Madini haijali kama umekuja na karai au umeleta kijiko. Kutafuta au kuchimba madini bila leseni ni kosa. Wewe kwa siku tatu huna haja ya kuomba leseni yako ya uchimbaji mdogo, hiyo ni ya miaka 7 na ina ada zake na wajibu wake. Tafuta mwenye nayo. Nenda ofisi ya Afisa Madini Mkazi pale Chunya, waulize kijito unachokitaka kipo kwenye leseni ya nani, kisha umfuate mwenyewe mzungumze. Wengi ni watu waungwana. Mkishakubaliana, pita kwa mwenyekiti wa kijiji ujitambulishe, wasikuone mgeni asiyejulikana yuko bondeni.

Jambo ambalo wageni wengi hawalijui: dhahabu utakayoipata inahesabika ni ya leseni ile. Tangu 2019 tuna masoko ya madini, na dhahabu inauzwa huko, inapimwa, inalipiwa mrabaha wa serikali asilimia 6 na ada ya ukaguzi asilimia 1. Hata hizo chembe mbili usizitie mfukoni ukapanda nazo basi. Mwambie mwenye leseni tangu mwanzo kwamba unataka kumpelekea mama, ili akuongoze upate karatasi. Kukutwa na dhahabu usiyoweza kuieleza ni kesi nzito hata ikiwa ndogo kama punje ya mtama.

Tena usichimbe ukingo. Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka mtoni, na mbali na sheria, ukingo uliochimbwa chini humwangukia mchimbaji. Nimewahi kumtoa mtu.

JiweNaMaji

Mimi nimesoma jiolojia, nijibu la kujua mahali.

Dhahabu ina uzito mara 19 wa maji, mchanga wa kawaida hauzidi mara 3. Kwa hiyo mto ukijaa hubeba kila kitu, lakini nguvu ya maji ikipungua kidogo tu, dhahabu ndiyo inayotua kwanza. Ukifika usianze kuchota. Kaa ukingoni, tazama vijiti na majani makavu yaliyonasa juu, ujiulize masika maji yalipita wapi kwa kasi na wapi yalipunguza mwendo. Mto unapokunja kona, upande wa nje maji hukimbia na kukwangua, upande wa ndani hulegea na kuacha kokoto. Anzia huo wa ndani. Kisha nyuma ya mawe makubwa, upande wa chini ya mkondo. Bora kuliko vyote ni mwamba wenyewe wa chini, hasa ukiwa na nyufa zinazokatiza mkondo. Chukua kijiko cha mezani na msumari uliopindwa, kwangua ufa hadi mwisho, hata udongo ulioganda utie kwenye ndoo. Ndoo moja ya nyufani inashinda ndoo ishirini za mchanga wa juu.

Mizizi ya nyasi za kingoni nayo hunasa chembe. Ikung'utie kwenye ndoo, usizing'oe hovyo.

MwalimuWaMbeya

Asanteni sana, mzee wangu shikamoo. Nilikuwa naelekea kujiingiza pabaya bila kujua. Sasa hili karai la babu linafaa, au ninunue la plastiki?

MamaMialo

Marahaba kwa niaba ya mzee, mwanangu. Karai la babu linafaa, ila lichome kwanza. Chuma hukaa na mafuta, na mafuta huzifanya chembe ndogo za dhahabu zielee zikaondoka na maji. Liweke juu ya moto wa kuni hadi moshi uishe, lipoe, lisugue kwa mchanga.

Kuosha nimefanya miaka kumi na moja mwaloni, yaani pale wanapooshea mchanga wa dhahabu, sikiliza. Jaza karai nusu, lizamishe lote majini, vunjavunja madongo kwa vidole mpaka maji yakiwa tope. Toa mawe makubwa kwa mkono ukiyasuuza humo humo. Halafu litikise kushoto na kulia, kwa nguvu, likiwa bado majini. Hapo ndipo dhahabu inashuka chini, na hapo ndipo wanaojifunza wanapofanya haraka. Likishatulia, liinamishe mbele kidogo, acha maji yachukue tabaka la juu tu. Tikisa tena, inamisha tena. Ukibaki na mchanga mweusi kijiko kimoja, weka maji kidogo, zungusha taratibu: mchanga utatembea, dhahabu itabaki nyuma kama mkia.

Usiamini kila kinachometa. Ulanga, yale madini ya vibamba vyembamba, humeta juani, kivulini hupotea. Dhahabu inang'aa sawasawa jua na kivuli. Chembe ukiibonyeza kwa ncha ya kisu ikipinda ni yenyewe, ikivunjika unga siyo.

Na hili nakuomba kama mama. Utakutana na mtu mwenye kichupa cha zebaki, atakwambia hii inakusanya chembe zote kwa dakika moja. Kataa. Nimekaa kwenye moshi wake tukichoma kwenye kikaango, mikono yangu inatetemeka hadi leo nikishika kikombe cha chai. Inaharibu ubongo na figo, na kwa mjamzito inamfikia mtoto. Ikimwagika mtoni inaingia kwa samaki, na hao samaki tunawala sisi.

Mtani_Sacramento

Salamu kutoka California. Huku dhahabu ya mto ilionekana Coloma, kwenye American River, Januari 1848, na leo watu wanakwenda wikiendi na watoto. Lakini hata huku kuna masharti. Kwenye hifadhi ya Auburn ni mikono na karai tu, na mashine za kufyonza mchanga mtoni zilizuiwa jimbo zima 2009 kwa ajili ya samaki.

Fanya mazoezi nyumbani. Chukua zile risasi wavuvi wanazofunga kwenye mshipi, kata vipande 10 vidogo kama punje za mchele, vigonge viwe bapa, changanya na mchanga wa ujenzi, osha juu ya beseni. Usiende mtoni mpaka uvipate vyote 10. Risasi ni nyepesi kuliko dhahabu. Ikibaki karaini, dhahabu haiwezi kukuponyoka. Nawa mikono ukimaliza, ni sumu.

MwalimuWaMbeya

Mrejesho, wiki mbili baadaye. Karai nimelichoma. Siku ya kwanza nilipata vipande 4 kati ya 10, vingine nikavikuta kwenye beseni. Nilikuwa nainamisha kabla ya kutikisa vya kutosha. Juzi 8. Jana 10, mara mbili mfululizo. Mama alitoka nje akasimama kunitazama, akasema babu alikuwa anaweka goti la kushoto chini, siyo la kulia. Nimebadilisha, na kweli mgongo hauumi.

Ofisi ya madini wamenionyesha ramani, na mwenye leseni nimeongea naye kwa simu. Amekubali.

Nikwangue mchanga mweusi kwa sumaku humo humo karaini?

Mzee_wa_Itumbi

Karai la chuma litaishika sumaku yenyewe. Kausha mchanga, umwage kwenye karatasi nyeupe, funga sumaku kwenye mfuko wa nailoni, ipitishe juu bila kugusa.

Vaa mabuti ya mpira, maji yaliyotuama yana kichocho. Tembea na fimbo ukigonga mbele yako, kuna maduara ya zamani, yaani mashimo ya wachimbaji, yamefunikwa na nyasi. Ukifika Makongolosi nipigie ujumbe wa faragha. Mwezi wa sita maji ni machache, njoo wiki ya kwanza, na mama kama ana nguvu mlete.